Bidoni Ilizaliwa kwa Ajili ya Petroli

Hapa Nyarugusu Watanzania wanaita dumu. Sisi tuliotoka Kivu tulikuja tukisema bidoni. Wafanyakazi wa mashirika wanaandika jerikani, na jina hilo lina historia. Miaka ya 1930 jeshi la Ujerumani lilitengeneza mkebe wa chuma wa lita 20 wa kubebea petroli. Vitani Waingereza waliuteka, wakauiga. Kwa utani Mjerumani walimwita Jerry, basi mkebe nao ukabeba jina lake.

Chombo cha petroli hakioshwi kila siku, kwa hiyo mdomo mwembamba haukumsumbua mtu. Baadaye ikaja bidoni ya plastiki, ikawa ya maji, ikapewa wakimbizi. Mdomo ukabaki mwembamba.

Mdomo huo una mema yake. Mwaka 1993, katika kambi ya Nyamithuthu huko Malawi, watafiti walipima maji ya wakimbizi wa Msumbiji. Kisimani maji yalikuwa safi, au karibu safi kabisa. Yalichafuka yakishachotwa, hasa kwa mikono kugusa maji ndani ya ndoo. Familia zilizopewa ndoo yenye kifuniko na mdomo wa kumiminia, kuhara kwa watoto chini ya miaka 5 kulikuwa pungufu kwa asilimia 31.

Lakini mkono usioingia kuchafua hauingii kusugua pia. Ndani panaota utelezi wa kijani, na maji ya bomba yaliyotiwa dawa yanaingia humo humo. Ndiyo maana mama zetu wana njia yao: kokoto ndogo zilizooshwa, maji kidogo na sabuni, funga, tikisa mpaka mikono ichoke. Mwaga, suuza mara kadhaa, sugua kifuniko na shingo, kisha igeuze juu ya kichanja ikauke.

Hili si jambo dogo kwetu. Mei 2015 ndugu zetu Warundi walikwama Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikawaua watu. Wengi wa waliovushwa kwa meli ya Liemba waliletwa huku huku Nyarugusu.

Sasa nisemee wenye bidoni moja. Ukiiacha tupu ikauke, watoto watakunywa nini? Kwa hiyo inajazwa juu ya utelezi wa jana, na mtu anaitwa mchafu bure. Mwongozo wa Sphere unataka kila nyumba iwe na vyombo viwili, kimoja cha kuchotea na kimoja cha kuhifadhia. Unataja pia sabuni kwa kila mtu kwa mwezi: gramu 250 za kuogea na 200 za kufulia. Ya bidoni inamegwa humo humo.

Ninyi mnaopita nyumba kwa nyumba mkihesabu lita, ombeni pia kuangalia ndani ya bidoni, na mwulize nyumba ina ngapi. Nasi majirani, mwenye mbili amwazime mwenzake moja siku ya kuosha.