Kanda Kuukuu na Matoleo Yaliyokarabatiwa: Sauti ya Kiswahili katika Historia ya Filamu

Utangulizi

Kwa miongo kadhaa filamu maarufu za zamani ziliwafikia watazamaji wa Afrika Mashariki na ya Kati kwa njia ya kanda za video za VHS, mfumo ulioletwa sokoni na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976. Kampuni ya Funai, iliyokuwa ya mwisho kuunda mashine za kuchezea kanda hizo, iliacha kazi hiyo mwezi Julai 2016. Tangu hapo kila taasisi yenye kabati la kanda inakabiliwa na uamuzi: je, kanda kuukuu zitupwe na nafasi yake ichukuliwe na matoleo yaliyokarabatiwa, yenye picha safi na sauti isiyo na mkwaruzo?

Kwa mpenzi wa filamu wa Paris au New York swali hili ni la fedha na la macho: je, tofauti ya picha inastahili bei yake? Kwa mwanafunzi wa Kiswahili swali ni jingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, tangu mwaka 1935, sauti ya Kiswahili katika filamu imekaa mara nyingi nje ya filamu yenyewe; na kwamba, kwa sababu hiyo, ukarabati unaoiokoa picha unaweza kuiacha lugha nyuma.

Ukarabati hurudisha nini

Hapana budi kwanza kueleza kwa haki faida ya ukarabati. Mfano ulio karibu na wasomaji wa Kongo ni The African Queen, filamu ya John Huston iliyotolewa mwaka 1951. Sehemu yake ilipigwa Kongo, katika mto Ruiki karibu na Ponthierville, mji unaoitwa leo Ubundu. Sehemu nyingine ilipigwa Uganda, pande za Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison. Hadithi yake, iliyotokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, imewekwa mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani katika nchi ambamo Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya utawala wa wilaya, ya shule za serikali na ya askari.

Filamu hiyo ilipigwa kwa mfumo wa Technicolor. Kamera iligawa mwanga katika negativu tatu zisizo na rangi, kila moja ikibeba kumbukumbu ya rangi moja ya msingi, nazo ziliunganishwa baadaye wakati wa kuchapa nakala. Kadiri miaka inavyopita negativu hizo husinyaa kwa viwango tofauti. Zikiunganishwa tena bila marekebisho, nyuso za watu huzungukwa na kivuli cha rangi. Katika toleo lililokarabatiwa na kampuni ya Paramount, lililotoka Marekani mwezi Machi 2010, negativu asilia zilinakiliwa upya kwa kompyuta na kulinganishwa picha kwa picha. Aliyeijua filamu hiyo kwa njia ya VHS tu, ambayo haibebi zaidi ya robo ya uwazi wa picha ya filamu halisi, sasa anaweza kuona majani, maji na miili ya watu kama kamera ilivyoviona.

Lakini sikio halipati kiasi hicho. Filamu inaanza katika kanisa la misheni, na waumini Waafrika wanasikika wakiimba wimbo ambao maneno yake hayashikiki; baada ya hapo wazungumzaji wakuu wote ni Wazungu. Usafishaji wa sauti, hata ukifanywa kwa ustadi namna gani, hauwezi kurudisha maneno ambayo watengenezaji hawakuona haja ya kuyarekodi. Mtazamaji anapata mandhari ya mashariki ya Kongo kwa uwazi ambao hajapata kuuona. Lugha za mashariki ya Kongo hazipati.

Sauti iliyokaa nje ya filamu

Hali hii ina mizizi ya zamani. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulikuwa na kituo chake Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Uliongozwa na L. A. Notcutt pamoja na G. C. Latham, ukagharimiwa kwa sehemu kubwa na shirika la Carnegie la New York. Mradi ulitengeneza filamu 35 za mafunzo juu ya kilimo, afya, ushirika na mengineyo, ukazionyesha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Linalomhusu mwanaisimu ni namna filamu hizo zilivyosema. Ukanda wenyewe ulikuwa bubu; maelezo yalirekodiwa katika santuri na kuchezwa sambamba na picha, ili picha moja iweze kusema Kiswahili mahali hapa na lugha nyingine mahali pale. Mbinu hiyo ilikuwa ya busara katika eneo lenye lugha nyingi, lakini ilitenganisha mwili wa filamu na ulimi wake. Katika hazina ya filamu ya British Film Institute zimesalia tatu tu kati ya zile 35. Mtu anayekarabati ukanda wa namna hii bila santuri yake anarudisha filamu iliyo bubu, ambayo watazamaji wa mwaka 1936 hawakuiona hivyo.

Katika Kongo ya Kibelgiji utaratibu ulifanana na huo. Baada ya Vita Kuu ya Pili wamisionari walianzisha vituo vya kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika: mapadri wa Scheut walifanya kazi Léopoldville na Kasai, na Mapadri Weupe huku Kivu. Maarufu kuliko zote zilikuwa filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili, zilizotengenezwa Kasai na padri Albert Van Haelst katika miaka ya 1950. Katika maonyesho ya aina hiyo mara nyingi alikuwapo mfafanuzi, aliyesimama kando ya pazia na kueleza picha kwa lugha ya wenyeji. Huyo hakuwa mtafsiri tu. Aliweza kurefusha kisa, kuongeza methali, kujibu kelele za watazamaji, hata kuelekeza kicheko mahali ambapo padri hakukikusudia. Maneno yake hayakuandikwa kwenye ukanda; yalikwisha pamoja na jioni ile.

Mwaka 2010 hazina ya filamu ya Ubelgiji, CINEMATEK, ilitoa katika DVD mkusanyo uitwao Belgisch Congo Belge, wenye filamu za Ernest Genval, André Cauvin na Gérard De Boe. Kwa mwanahistoria mkusanyo huo ni hazina kubwa. Hata hivyo, filamu nyingi kati ya hizo zilitengenezwa ili Wabelgiji waone koloni lao, na sauti inayoziongoza ni ya wenye koloni. Toleo safi linaweza kwa urahisi kumfanya kijana wa leo adhani kwamba hivyo ndivyo filamu ilivyosikika Kongo, kumbe nyuma ya picha za zama zile palikuwa na sauti nyingine, za Kiswahili, Kilingala au Kiluba, ambazo hazimo.

Msimulizi ndani ya kanda

Kanda ya video ilileta badiliko ambalo wahifadhi wa filamu hawakulizingatia sana: kwa mara ya kwanza sauti ya msimulizi ilirekodiwa pamoja na picha, na watu wa kawaida ndio waliofanya hivyo. Mjini Kampala wasimulizi wa Kiluganda walisikika kwanza papo kwa papo katika nyumba za video, kisha katika kanda zilizouzwa. Nchini Tanzania, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alisimulia kwa Kiswahili filamu za nchi nyingi. Mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings amechunguza kwa kina usimulizi wake wa filamu ya Kinigeria Karishika, akionyesha jinsi msimulizi anavyofasiri, anavyofafanua na anavyoibadili hadithi ili ikae katika mazingira ya wasikilizaji wake. Nchini Kenya DJ Afro amejipatia jina kwa kazi iliyo ya jamii hiyo hiyo.

Beni na Butembo zimo katika njia ya mambo hayo. Kutoka komini ya Mulekera barabara inateremka hadi Kasindi na kuingia Uganda. Kampala iko karibu kuliko Kinshasa, na bidhaa za Afrika Mashariki hufuata njia hiyo. Kanda yenye simulizi ya Kiswahili ni ushahidi wa matamshi, wa msamiati wa mjini, wa uchanganyaji wa lugha na wa sanaa ya masimulizi. Ni matini ya fasihi simulizi, ingawa haikukusanywa kando ya moto bali kwenye meza ya duka.

Hoja ya upinzani

Wapo watakaosema kwamba kanda hizo ni nakala ya nakala, kwamba picha yake imefifia, kwamba msimulizi hufunika mazungumzo ya waigizaji, na kwamba zilitolewa bila idhini ya wenye filamu. Yote hayo ni kweli. Lakini hoja ya mwisho inageuka kuwa sababu ya kuzihifadhi. Kwa kuwa hakuna kampuni inayozimiliki kihalali, hakuna kampuni itakayozikarabati. Filamu ya Huston ina wenyewe, na itatolewa tena na tena. Simulizi iliyowekwa juu ya filamu za namna hiyo haina mwenyewe sokoni, na ikifutika imefutika. Kwa upande wa sheria, kutunza nakala moja kwa ajili ya utafiti ni jambo mbali na kuiuza.

Aidha, haifai kudhani kwamba ukarabati ni adui wa lugha za Kiafrika. Ousmane Sembène alipoitengeneza Mandabi mwaka 1968, aliipiga kwa Kiwolofu na kwa Kifaransa. Toleo lililokarabatiwa mwaka 2019 limeirudisha ile ya Kiwolofu. Vilevile mradi wa urithi wa filamu za Kiafrika, ulioanzishwa mwaka 2017 na Film Foundation, FEPACI na UNESCO, umeanza kuokoa kazi za watengenezaji Waafrika wenyewe. Mfano wa Mandabi unafundisha jambo moja la msingi: anayekarabati huchagua toleo, na anayechagua toleo huchagua lugha. Kiwolofu kilirudi kwa sababu kilikuwa kimerekodiwa na kutunzwa. Pasipo kumbukumbu hapana cha kuchagua.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inadai mpangilio wa kazi kuliko jibu la ndiyo au hapana. Matoleo yaliyokarabatiwa yanunuliwe pale ambapo somo ni picha, mandhari au mtazamo wa mkoloni, kwa kuwa katika hayo VHS haitoshi. Lakini fedha za kwanza, ambazo daima ni chache, zitumike kunakili kanda zenye simulizi ya Kiswahili, kwa sababu matoleo mapya yanaweza kungoja na kanda haziwezi. Utepe wa sumaku huharibiwa na joto, unyevu na kuvu. Mashine zilizobaki zinapungua. Na katika eneo la Beni, ambako mauaji yaliyoanza mwaka 2014 yamewafukuza watu wengi majumbani, vitu vya nyumbani hupotea pamoja na nyumba.

Kila nakala iandikwe jina la msimulizi pale linapojulikana, lugha, mahali ilipopatikana na mwaka. Wasimulizi na wafafanuzi walio hai wahojiwe. Na kanda ya asili isitupwe hata baada ya kunakiliwa, hasa ile inayoonekana duni kando ya sahani mpya inayong'aa. Kwani huenda katika kabati zima ni hiyo peke yake inayosema Kiswahili.