Spectrum, Philadelphia: Enzi za Wababe wa Barafu

Hapa palikuwa na ukumbi wa Spectrum, uliofunguliwa 1967, nyumbani kwa Flyers, timu ya magongo ya barafuni. Mashabiki wazee huanza na ngumi: msimu wa 1974–75 Dave Schultz alilimbikiza dakika 472 za adhabu, rekodi ya ligi ya NHL hadi leo. Lakini ngumi hazizuii mabao. Makombe ya Stanley, ya ubingwa wa NHL, ambayo Flyers walitwaa 1974 na 1975 yana deni kubwa kwa meneja Keith Allen, aliyemwachia kipa Bernie Parent aende Toronto 1971, kisha akamrudisha 1973. Januari 1976 CSKA ya Moscow, timu ya jeshi la Sovieti, ilipocheza hapa na Flyers, iligoma na kutoka barafuni ikilalamikia rafu. Iliporejea barafuni ikafungwa 4–1.