Uchovu Uliorithishwa Wodini
Wapo wanaouita uchovu wa madaktari wanafunzi udhaifu. Mimi huwarejesha Baltimore, ilikofunguliwa hospitali ya Johns Hopkins mwaka 1889. Humo William Halsted aliasisi mafunzo ya upasuaji yaliyomtaka mwanafunzi aishi hospitalini, tayari usiku na mchana. Halsted mwenyewe alikuwa mtumwa wa kokeini, kisha mofini. Mwaka 1984 binti wa miaka 18 alifariki New York chini ya uangalizi wa madaktari wanafunzi wenye zamu ndefu. Mjadala uliofuata ukazaa, mwaka 1989, ukomo wa saa 80 kwa juma jimboni humo. Marekani nzima ilisubiri hadi 2003. Basi desturi hii si maumbile ya udaktari. Ni uamuzi wa watu, na watu waweza kuutengua.