Mchango wa Gandhi ulioipa Nairobi chuo kikuu

Mahatma Gandhi alipopigwa risasi mjini Delhi tarehe 30 Januari 1948, msiba ulifika hadi kwenye maduka ya Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Zanzibar. Wafanyabiashara wengi wa Kihindi wa Afrika Mashariki walikuwa na asili ya Gujarat, jimbo alikozaliwa marehemu. Wazee wao walivuka bahari ile ile aliyoivuka yeye mwaka 1893, kijana wakili akielekea Afrika Kusini kwa meli iliyotia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar. Pale Lamu nusura meli imwache.

Waliofiwa wangeweza kumjengea hekalu au ukumbi wa mikutano. Wakaamua kumjengea chuo.

Uamuzi huo ulikuwa na sababu za msibani na sababu za nyumbani. Kenya ya wakati ule iligawa shule kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja na bajeti yake. Mtoto wa Kihindi aliyemaliza sekondari hakuwa na pa kwenda. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi na kufungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, ilikuwa imejengwa kwa ajili ya Waafrika. Mwenye uwezo alimpeleka mwanawe Bombay au Uingereza. Asiye na uwezo alimweka dukani nyuma ya kaunta. Ndipo chama cha kukusanya michango, Gandhi Memorial Academy Society, kikaanzishwa kwa lengo la kujenga chuo cha biashara, sanaa na sayansi kwa jina la Mahatma.

Aliyelipigia debe wazo hilo kwa nguvu ni Apa Pant, mtoto wa mtawala wa Aundh nchini India, aliyefika Nairobi mwaka 1948 kuwa mwakilishi wa kwanza wa India huru katika Afrika Mashariki ya Waingereza. Pant hakujifungia ofisini. Alijenga urafiki na viongozi wa Kiafrika, akawahimiza Wahindi wasiitazame nchi hii kama duka la kupita. Wakoloni hawakumpenda hata kidogo. Walimshuku kwamba alikuwa upande wa Kenyatta, na mwaka 1954 akaondoka.

Kuchangia chuo hakukuwa jambo geni hapa kwetu. Mombasa ilikuwa imetangulia. Mwaka 1945 Aga Khan wa Tatu alianzisha mjini humo jumuiya ya maendeleo ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, akaahidi kuweka shilingi yake juu ya kila shilingi ambayo Waislamu wangechangishana. Muda mfupi baadaye kikaja chuo cha ufundi cha Waislamu, ambacho watu wa Mombasa hadi leo wanakikumbuka kwa jina la MIOME. Waliotoa fedha ni Aga Khan, Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1951, pale Tudor.

Tofauti na MIOME, Mfuko wa Gandhi ulikuja kugongana na mpango wa serikali. Mwaka 1947 serikali ya Kenya ilikuwa imepanga kujenga taasisi ya ufundi na biashara Nairobi. Ilipofika 1949 mpango huo ulikuwa umepanuliwa ili uhudumie Kenya, Uganda na Tanganyika. Septemba 1951 hati ya kifalme ya kuanzisha Royal Technical College of East Africa ikatolewa, na Aprili 1952 jiwe la msingi likawekwa. Miezi sita baadaye hali ya hatari ikatangazwa Kenya.

Kujenga vyuo viwili kwa kazi inayokaribiana, katika mji mmoja, wakati wa hali hiyo ya hatari, lilikuwa wazo gumu kulitetea. Pande mbili zikazungumza, na Aprili 1954 chuo cha Gandhi kikaunganishwa na chuo cha kifalme. Wapo waliouona muungano huo kama kumezwa: fedha za jamii zimeingia tumboni mwa serikali, na jina la Gandhi limebanwa kwenye jengo moja. Nadhani waliona nusu tu.

Mpango wa serikali ulianza kama chuo cha ufundi na biashara. Michango ya Gandhi ilikuwa imetafutwa kwa ajili ya sanaa na sayansi pia. Baada ya muungano, kilichofunguliwa Nairobi hakikuwa tena karakana ya mafundi mchundo peke yake. Mwaka 1958 kamati iliyoongozwa na John Lockwood wa Chuo Kikuu cha London ilipokuja kuangalia mustakabali wa elimu ya juu Afrika Mashariki, ilipendekeza chuo cha Nairobi kigeuzwe chuo kikuu kishiriki, na tarehe 25 Juni 1961 kikapewa hadhi hiyo. Chuo cha ufundi mtupu kingesubiri muda mrefu kupanda ngazi ile. Kwa hiyo anayetaka kujua fedha za Gandhi zilinunua nini asiishie kwenye sanamu iliyosimamishwa pale chuoni. Aangalie orodha ya masomo.

Sanamu nayo ina kisa chake. Wanafunzi wa kwanza waliingia Aprili 1956. Julai mwaka huo Sarvepalli Radhakrishnan, Makamu wa Rais wa India, akaja kuizindua sanamu ya Gandhi. Oktoba akaja Binti Mfalme Margaret wa Uingereza kukifungua chuo hicho hicho rasmi. Sherehe mbili, wageni wawili, miezi mitatu tu kati yao: kila mzazi alitaka kupiga picha na mtoto.

Sanamu hiyo bado ipo, na Julai 2016 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alifika kutoa heshima. Mwaka huo huo sanamu nyingine ya Gandhi, zawadi ya serikali ya India, ilisimamishwa katika Chuo Kikuu cha Ghana, Legon. Wahadhiri wakapinga, wakitaja maneno ambayo Gandhi kijana aliyaandika kuhusu Waafrika alipokuwa Afrika Kusini, na Desemba 2018 ikaondolewa. Maneno hayo yapo, na Nairobi pia yanafaa kujadiliwa bila haya. Ila ya Legon ililetwa na serikali ya kigeni, na ya Nairobi iliwekwa na wakazi waliotoa fedha mfukoni wakajenga na madarasa.

Ng'ambo ya mpaka, Tanganyika ilichanga kwa namna yake. Joan Wicken, Mwingereza aliyekuja kuwa msaidizi wa Mwalimu Nyerere kwa miongo mitatu, alikuwa katibu wa mfuko wa elimu uliotafuta fedha za kuanzisha Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa mwaka 1961. Mwaka huo huo, tarehe 25 Oktoba, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na wanafunzi wachache wa sheria, wakisomea katika jengo la chama cha TANU. Kenya nayo, baada ya uhuru, iligeuza harambee kuwa mtambo wa kujengea vyuo: Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi cha Nyeri na cha Masinde Muliro cha Kakamega vyote vilianza miaka ya 1970 kama taasisi za teknolojia za wananchi.

Nini kiliwapata wachangaji wenyewe? Serikali zilipoanza kulipa mishahara na karo, majina yao yalififia. MIOME ilifunguliwa kwa watu wa dini zote mwaka 1966, ikawa politekniki mwaka 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Chuo cha kifalme cha Nairobi kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kisha tarehe 1 Julai 1970 kikajitegemea. Kwenye vyeti vya wahitimu wake hakuna dalili ya mwenye duka aliyetoa shilingi zake kwa ajili ya marehemu wa Delhi.

Sasa gurudumu limerudi. Vyuo vikuu vya umma vya Kenya vina madeni ya mabilioni, Makerere ina mfuko wake wa wakfu, na barua za kuomba michango zinawafikia wahitimu waliosoma bure enzi zile. Sina ugomvi na barua hizo. Ninachoomba ni kwamba kila chuo kinachopitisha kapu kichapishe kila mwaka, kwa lugha ambayo mchangaji wa shilingi mia anaielewa, nani ametoa, kiasi gani kimeingia, na fedha hizo zimejenga nini.