Kadi ya Salamu na Sinema ya Krismasi

Katika mwaka 1843, katika jiji la London, vitu viwili vilizaliwa kwa ajili ya sikukuu moja. Cha kwanza ni hadithi ya Charles Dickens iitwayo A Christmas Carol, iliyotoka kwa wapiga chapa siku chache kabla ya Krismasi. Cha pili ni kadi ya salamu. Henry Cole, mtumishi wa serikali mwenye shughuli nyingi na marafiki wengi, aliona hawezi kumwandikia kila mmoja barua yake, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee picha moja itakayosema kwa niaba yake. Zilipigwa chapa kadi kama 1,000, na zile alizobakiwa nazo ziliuzwa kwa shilingi moja moja, bei ambayo kibarua wa siku zile hakuimudu kwa urahisi.

Kadi hiyo ilikuwa na sehemu tatu. Katikati walichorwa jamaa wa nyumba moja, wakubwa kwa wadogo, wameinua bilauri za divai; na kwa kuwa mtoto naye alikuwa akinyweshwa, watu waliochukia ulevi walilalamika. Pembeni, upande huu na upande huu, walichorwa watu wakiwalisha wenye njaa na kuwavika walio uchi. Mpokeaji wa kadi hakuweza kuifurahia karamu ya katikati bila ya jicho lake kuwapitia maskini. Dickens alifanya vivyo hivyo kwa maneno. Furaha ya nyumba ya karani Bob Cratchit haitenganiki na mkongojo wa mwanawe kiwete, Tiny Tim. Na chini ya joho la mzuka wa Krismasi wamejificha watoto wawili waliokonda, mmoja jina lake Ujinga na mwingine Uhitaji. Tajiri Scrooge hatubu kwa machozi peke yake. Anaongeza mshahara wa karani wake.

Sinema za mapenzi ya Krismasi zinazotengenezwa kwa ajili ya televisheni ya Marekani ni kizazi cha vitu hivyo viwili. Historia yake yaweza kusomwa kuwa ni habari ya kadi ile ilivyokatwa pembe zake, hata ikabaki picha ya katikati tu.

Nasaba hii si ya mfano mtupu. Mwaka 1910 kijana wa Nebraska, Joyce Hall, alifika Kansas City katika jimbo la Missouri na masanduku mawili ya viatu yaliyojaa postikadi. Katika biashara yake ndogo iliota kampuni ya kadi za salamu ya Hallmark. Ujuzi wa mwuza kadi ni mgumu kuliko unavyodhaniwa. Yampasa apate maneno ambayo watu laki moja watayanunua, kila mmoja akiamini kuwa yalitungwa kwa ajili ya mama yake au mchumba wake. Neno likiwa la mtu mmoja mno, halinunuliwi. Likiwa na uchungu mno, hurudishwa mahali pake dukani. Kadi njema humgusa kila mtu na haimtaji yeyote.

Kwa hiyo ni ajabu kutazama jinsi kampuni hiyo ilivyoingia katika televisheni. Usiku wa mkesha wa Krismasi, 1951, ilidhamini katika NBC mchezo wa kuimbwa uitwao Amahl and the Night Visitors, kazi ya Gian Carlo Menotti, mzaliwa wa Italia. Ilikuwa opera ya kwanza kutungwa kwa ajili ya televisheni nchini Marekani. Ndani yake mna mama mjane na mwanawe kiwete anayetembea kwa mkongojo, na nyumba yao haina chakula wala kuni. Mamajusi watatu wanaomba malazi. Usiku wageni wamelala, mama anaitazama dhahabu yao, anafikiri jinsi matajiri wasivyojua la kufanya kwa mali ambayo ingemponya mwanawe na njaa, naye ananyosha mkono kuiba. Anakamatwa. Anasamehewa, na mtoto anatoa kitu pekee alicho nacho, yaani mkongojo wake, uwe zawadi kwa mtoto aliyezaliwa.

Basi kampuni iliyouza kadi zisizomkera mtu ilianza kazi yake ya televisheni kwa kumwonyesha mama mwizi usiku wa Krismasi. Na watazamaji hawakukereka. Mchezo ulirudiwa mwaka hata mwaka. Miaka 20 baadaye, mwaka 1971, stesheni ya CBS ilionyesha sinema ya The Homecoming, iliyotokana na maandishi ya Earl Hamner. Ni habari ya nyumba ya milimani Virginia mwaka 1933, wakati wa ukata mkuu, ambamo mama na wanawe wanamngoja baba aliyekwenda mbali kutafuta kazi. Mapenzi yamo, tena mazito, lakini ni mapenzi ya mume na mke waliokwisha kuoana na kulea, na jambo linalowatenga ni mshahara. Uhitaji, yule mtoto wa chini ya joho, alikuwa bado ana kiti mezani.

Mageuzi yalikuja na televisheni ya kebo. Stesheni chache zilipokuwa zikigawana nchi nzima, kila moja ilitafuta mchezo mmoja mkubwa wa sikukuu. Stesheni zilipozidi mamia, kila moja ilitafuta watu wake na ladha yao isiyobadilika. Mwaka 2001 stesheni iliyoitwa Odyssey, yenye asili yake katika vipindi vya dini, ilibadilishwa jina ikawa Hallmark Channel. Mwaka 2009 ilianzisha msimu wa kuhesabu siku za kuelekea Krismasi, na baada ya miaka michache msimu huo ukawa unaanza kabla mwezi wa Oktoba haujaisha. Kufikia mwaka 2019 kampuni ilikuwa ikitoa sinema mpya 40 kwa msimu mmoja katika stesheni zake. Lifetime nayo ilishindana nayo, kisha Netflix.

Muundo wa sinema hizo waweza kuelezwa kwa pumzi moja. Mwanamke mwenye kazi kubwa mjini anarudi katika mji mdogo alikozaliwa, au anatumwa huko na mwajiri wake. Ana mchumba asiyemfaa, mtu wa simu na haraka. Huko anakutana na mwanamume wa kazi za mikono, seremala au mkulima wa misonobari ya Krismasi, mara nyingi mjane mwenye binti mdogo. Wanagombana kidogo, wanatengeneza biskuti, wanapamba mti, wanakaribia kubusiana mara moja na kuingiliwa. Kunatokea kutoelewana ambako sentensi moja ingekumaliza, lakini sentensi hiyo haisemwi mpaka dakika za mwisho. Ndipo theluji huanguka, na busu hutimia.

Wakosoaji hulalamika kuwa mwisho wa hadithi hujulikana tangu mwanzo. Shtaka hilo ni dhaifu, na watu waliolelewa kwa hadithi za jioni wana haki ya kulikataa. Mtoto anayeitikia “Pakawa!” anajua kuwa sungura atamshinda fisi, tena alilijua hilo jana na juzi, hakuketi ili apate habari, aliketi ili lile analolijua litendeke tena mbele yake. Yakini ni raha ya haki. Mtu aliyekesha na mgonjwa, au aliyefukuzwa kazi mwezi wa Novemba, hana haja ya kutiwa wasiwasi mwingine na mtunzi.

Tena sinema hizi zina ukweli mmoja ambao wenye dharau hawauoni. Ndani yake mna wafu wengi. Mama wa shujaa alikufa mwaka uliopita na sanduku la mapambo yake halijafunguliwa. Mke wa seremala hayupo na binti anauliza jinsi alivyokuwa akiimba. Krismasi ni siku ambayo kiti kitupu huonekana zaidi kuliko siku nyingine yoyote, na sinema hizi humruhusu mtazamaji amlilie wake kwa kisingizio cha kumlilia wa mwingine. Desemba 2017 Netflix ilitangaza kwa mzaha kuwa watu 53 walikuwa wameitazama sinema yake ya A Christmas Prince kila siku kwa siku 18 mfululizo, ikawauliza ni nani aliyewaumiza. Wengi walichukizwa na kampuni iliyowachungulia wateja wake. Lakini swali lenyewe, ijapokuwa liliulizwa kwa kejeli, liligusa mahali penyewe.

Upungufu uko kwingine. Huzuni ya kifo imekaribishwa, uhitaji umefungiwa nje. Katika mji mdogo wa sinema hapana mtu asiyeweza kulipa kodi ya nyumba. Mtunza mgahawa ana nyumba ya vyumba vingi na mapambo ya mamia ya dola. Sadaka ipo, lakini ni ya sanduku la vitu vya kuchezea lililofungwa utepe, linalopelekwa kwa watoto ambao mtazamaji hawaoni nyuso zao. Mpokeaji hana jina wala hana neno. Hofu ya mali hujitokeza kwa sura moja tu: nyumba ya wageni au duka la mikate linataka kufungwa, au tajiri wa mjini anataka kulinunua. Nalo huokolewa kwa tamasha la jioni moja. Hapana deni linalohesabiwa mpaka mwisho, wala mshahara unaoongezwa. Scrooge mwenyewe angeingia katika mji huo angeombwa aonje biskuti, aonjeshwe mapenzi, na Cratchit angebaki na mshahara ule ule.

Mahali zinapopigwa picha pana fundisho lake. Nyingi hupigwa Kanada, ambako serikali za majimbo huwapunguzia watengenezaji kodi, na hupigwa kwa haraka, wiki mbili au tatu kila moja, aghalabu wakati wa joto. Waigizaji huvaa makoti ya sufu na mitandio katika jua la Julai, na theluji hutandazwa kwa povu na karatasi. Mmoja wa miji ipendwayo ni Almonte, katika jimbo la Ontario. Ni mji mzuri wa majengo ya mawe kando ya maporomoko ya mto, na katika karne ya 19 ulijulikana kwa viwanda vya kufuma sufu. Viwanda hivyo havifumi tena. Sehemu ya kimoja imekuwa makumbusho ya ufumaji. Hivyo mji uliopoteza viwanda vyake kweli huajiriwa kuigiza mji uliookolewa kwa nyimbo na maji ya tufaha ya moto. Habari ya wafumaji wake ingetosha kwa sinema ya Krismasi yenye uzito wa The Homecoming, na majengo yamo tayari katika picha, nyuma ya mabega ya wapenzi.

Jambo jingine lilikuwa likingoja wakati wake, nalo lilitokana na ile kanuni ya kadi. Kadi inayomgusa kila mtu huhitaji kwanza kuamua “kila mtu” ni nani. Kwa miaka mingi wapenzi wa sinema hizi walikuwa karibu wote Wazungu. Mwaka 2018 Tatyana Ali alikuwa mhusika mkuu katika Christmas Everlasting, habari ya jamaa wa Marekani weusi. Mwaka 2019 zilitoka sinema mbili zilizoigusa Hanuka, sikukuu ya Wayahudi, na wakosoaji walinung'unika kuwa sikukuu yao imeletwa kama mgeni wa kumpambia mwenyeji mti wake. Desemba ya mwaka huo huo ugomvi ukafika katika matangazo ya biashara. Kampuni moja ya mambo ya arusi ilileta tangazo lenye maarusi wawili wanawake wakibusiana. Kikundi cha wazazi washika mila kililalamika, stesheni ikaliondoa tangazo. Wengine wakalalamika kwa sababu limeondolewa, na baada ya siku chache kampuni ikaomba radhi na kugeuza uamuzi wake. Katika juma moja tu iliwaudhi watu wa pande zote mbili, jambo ambalo biashara ya kadi ilikuwa imeliepuka kwa miaka zaidi ya 100.

Baada ya hapo kadi ya watu wote haikuwezekana tena. Mwaka 2020 mume na mwenziwe wa kiume waliingia katika hadithi ya The Christmas House wakiwa jamaa wa pembeni, na mwaka 2022 The Holiday Sitter iliwafanya wanaume wawili kuwa wapenzi wa katikati. Mwaka huo huo Candace Cameron Bure, mmoja wa waigizaji waliojulikana sana katika sinema hizi, alikuwa amehamia stesheni ya Great American Family, iliyoongozwa na Bill Abbott, mkuu wa zamani wa stesheni za Hallmark, naye alisema kuwa huko ndoa ya jadi ndiyo itakayobaki kiini cha hadithi. Mengi yalisemwa juu ya mfarakano huo, na kila upande ulijiona umebeba Krismasi iliyo ya kweli. Lakini mtu akifungua stesheni hizo mbili kwa zamu katika usiku wa Desemba, huhitaji muda mrefu kutambua yuko katika ipi, kwa maana theluji ni ile ile ya povu, biskuti ni zile zile, na nyumba ya wageni iliyotaka kufungwa huokolewa kwa jioni moja, huku na huko.