Hadithi Zilizoimbwa: Muziki na Usimulizi katika Italia ya Zama za Kati

Katika miji ya Italia ya karne ya 13 na ya 14, watu wengi walizipata hadithi kwa masikio, na mara nyingi zikiimbwa. Waimbaji wa kuzunguka walisimama viwanjani na ala zao za nyuzi, wakisimulia vita vya mfalme Charlemagne na visa vingine vilivyotoka Ufaransa. Mwaka 1288 Bologna iliwapiga marufuku waimbaji hao kuweka kituo katika viwanja vya mji. Marufuku yenyewe yatosha kuonyesha jinsi walivyokuwa wamezoeleka.

Karne ya 14 ikastawisha kantari, masimulizi marefu ya beti za mistari minane, kila mstari mizani kumi na moja. Antonio Pucci, mpiga kengele na baadaye mpiga mbiu wa serikali ya Florence, alikuwa miongoni mwa watunzi wake mashuhuri. Lahani za kantari hazikuandikwa.

Giovanni Boccaccio aliuingiza muziki ndani ya kitabu. Katika Decameron, vijana kumi wanaoikimbia tauni ya 1348 wanasimuliana hadithi 100 kwa siku kumi, na kila siku hufungwa kwa wimbo. Jioni ya kwanza Lauretta anaongoza dansi, Emilia anaimba, na Dioneo anapiga liuto, ala iliyotokana na udi wa Waarabu, huo huo wa taarabu.

Muziki una kazi nzito zaidi katika hadithi ya saba ya siku ya kumi. Lisa, binti wa mwuza dawa wa Palermo, anaugua kwa kumpenda Mfalme Peter wa Aragon, na hadhi yake haimruhusu kusema. Anamwita mwimbaji Minuccio. Huyu anamwomba mshairi amtungie maneno, anayatia lahani ya huzuni, kisha anayaimba mfalme akiwa mezani. Ukumbi wote unanyamaza. Mfalme anauliza wimbo umetoka wapi, na siri inamfikia. Barua isingeweza kufanya hivyo bila kumvunjia binti heshima.

Franco Sacchetti, mwandishi mwingine wa Florence, ana kisa cha kuchekesha. Mshairi Dante anampita mhunzi anayeimba beti za Dante kama kantari, akikata hapa na kuongeza pale. Bila neno, Dante anatupa barabarani nyundo, koleo na mizani. Mhunzi akilalamika anajibiwa kwamba naye anamharibia mwenzake kazi. Tangu hapo mhunzi anaimba visa vya mashujaa Tristan na Lancelot, na beti za Dante anaziacha. Kisa hicho pengine ni cha kubuni, lakini kinaonyesha kwamba wimbo uliyafikisha mashairi hadi karakanani, na kwamba huko mtunzi hakuwa na mamlaka nayo tena. Sacchetti mwenyewe aliweka kumbukumbu: kando ya baadhi ya mashairi yake aliandika majina ya walioyatungia muziki, akiwemo Francesco Landini, mpiga kinanda kipofu wa Florence aliyefariki mwaka 1397.