Njia ya Padri Mzee

Wengi wetu tukisikia jina la Uingereza twafikiri miji mikubwa, viwanda na moshi. Lakini upande wa kaskazini, katika Yorkshire, kuna nyika pana yenye nyumba chache sana. Huitwa North York Moors, na tangu mwaka 1952 ni mbuga ya taifa, yenye kilomita za mraba 1,436. Watu huenda huko kutembea kwa miguu na kutazama uzuri wa viumbe. Mkatoliki apitaye huko ana neno jingine pia la kukumbuka.

Tufuate njia moja tu, ile ya kijiji cha Littlebeck, kilomita chache kusini ya bandari ya Whitby. Ni njia ya mviringo: mtu huondoka kijijini, akapita msituni, akapanda nyikani, akarudi palepale alipoanzia. Kwanza hufuata kijito chini ya mialoni. Hupita kando ya jiwe kubwa lililochongwa ndani likawa kama chumba cha mkaa-pweke, na juu ya mlango wake imeandikwa 1790. Hufika kwenye maporomoko ya maji yaitwayo Falling Foss. Halafu miti inakwisha, upepo unampiga usoni, naye yuko nyikani.

Nyika hiyo imefunikwa na erika, kichaka kigumu kisichopita goti, chenye majani madogo kama punje. Mwezi wa Agosti huchanua, na nchi yote hugeuka rangi ya zambarau. Waliopanda Ruwenzori au milima ya Virunga wamewaona ndugu zake: kwetu erika huwa mti mrefu, wenye ndevu zinazoning'inia matawini.

Mgeni atadhani nchi ile ilikuwa hivyo tangu mwanzo wa dunia. Sivyo. Zamani palikuwa msitu. Watu wa kale, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, walikata miti na kulima, hata udongo ukachoka. Vilima vya makaburi yao vyaonekana mpaka leo. Baadaye wakaja wachungaji na kondoo. Hata siku hizi erika huchomwa kwa zamu, kipande kwa kipande, ili machipukizi yawalishe kondoo, na ndege wa jamaa ya kwale wanaowindwa huko. Moto na kondoo vikiondoka, miti itarudi polepole.

Katika nchi tupu namna hii mtu hupotea upesi, hasa ukungu ukitoka baharini. Kwa hiyo wakristu wa kale walisimamisha misalaba ya mawe iwaonyeshe watu njia na mipaka. Mmoja, upande wa kusini, ni Msalaba wa Lilla. Mapokeo yasema Lilla, mtumishi wa mfalme Edwin, amezikwa hapo. Mwaka 626 mwuaji alimrukia mfalme kwa silaha yenye sumu. Lilla akajitupa katikati, akafa badala ya bwana wake. Mwaka uliofuata, siku ya Pasaka, Edwin alibatizwa kule York.

Miaka zaidi ya 1,000 baada ya Lilla, mtu mwingine wa nyika hiyo alitoa maisha yake. Siku zile serikali ya Uingereza ilikuwa imekwisha kuachana na Papa. Tangu 1581 aliyekataa kusali katika kanisa la serikali alitozwa pauni 20 kila mwezi. Sheria ya 1585 ilisema kwamba padri aliyepewa daraja ng'ambo akionekana nchini ni mhaini, auawe. Na anayempokea nyumbani auawe vilevile.

Nicholas Postgate alizaliwa Egton Bridge, katika bonde la nyika hiyo, karibu na mwaka 1600. Alisoma seminari ya Douai, mji ambao leo uko Ufaransa, akapata upadri mwaka 1628, akarudi kwao mwaka 1630. Miaka mingi alikaa kwa siri katika nyumba za wakubwa Wakatoliki. Uzeeni akahamia kibanda cha nyasi karibu na Ugthorpe. Hakuwa na farasi wala kanisa. Parokia yake ilikuwa nyika, naye aliizunguka kwa miguu, akibatiza, akiungamisha, akiwapaka wagonjwa mafuta matakatifu. Akimaliza mzunguko, huanza tena. Mwenda pole hajikwai.

Mwaka 1678 mwongo mmoja, Titus Oates, alizua kule London kwamba Wakatoliki wanataka kumwua mfalme Charles II. Nchi nzima ikawaka hasira. Mwezi wa Desemba padri mzee, mwenye miaka kama 80, alifika nyumba ya Matthew Lyth karibu na Littlebeck, pale njia yetu inapoanzia na kuishia. Alikuwa amekuja kubatiza mtoto. John Reeves, mtoza ushuru, akamkamata. Yasimuliwa kwamba zawadi aliyoitamani ilikuwa pauni 20.

Korti ya York haikumhukumu kwa njama yoyote. Kosa lake lilikuwa upadri. Tarehe 7 Agosti 1679 alinyongwa, na mwili wake ukakatwa vipande. Ni mwezi uleule erika inapochanua. Tarehe 22 Novemba 1987 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri, pamoja na mashahidi wengine 84.

Mtu ataweza kuuliza: je, yafaa padri afe kwa ajili ya ubatizo wa mtoto mmoja? Tumtazame na baba wa nyumba. Naye alijua sheria, akafungua mlango. Imani ilidumu kwa miguu ya padri na kwa milango ya watu maskini. Mwaka 1830 huko Egton kiligunduliwa chumba kidogo chini ya paa la nyumba, na ndani yake altare iliyopangwa tayari kwa Misa. Kuna watu waliokitunza na kunyamaza.

Nchi yetu nayo yalijua jambo hili. Mwaka 1964, kule Baraka na Fizi, Padri Albert Joubert na wamisionari watatu waliuawa kati ya watu wao; Eklezya iliwatangaza Wenye Heri mwaka 2024, huko Uvira. Na kapela zetu nyingi za mbali hutunzwa mwezi baada ya mwezi na katekista anayekwenda kwa miguu. Jumapili ijayo akifika kwenu na vumbi miguuni, mfungulieni mlango, mpeni maji, kisha mleteni mtoto wenu afundishwe.